Rufani Kisiwani Pemba na Maana ya "Kama Zipo"

Neno rufani lina asili yake katika tamko la Kiarabu lenye maana ya kuinua. Mwenye rufani huliinua shauri lake kutoka baraza la chini hata la juu. Na ni ajabu ya Kiswahili kwamba kinachoinuliwa husemwa kimekatwa. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1984, humtaka mlalamikaji azipande ngazi zote za mahakama za nchi yake kabla ya kuifikia Tume ya Afrika. Lakini Ibara ya 56 yaongeza sharti: kama njia hizo zipo, tena kama hazirefushwi kupita kiasi. Msomaji wa sheria aweza kulipita sharti hilo upesi. Mwenye kuichunguza historia ya Pemba hana budi kusimama hapo.

Zama za ulinzi wa Waingereza ngazi ilikuwa ndefu. Shauri lililoanzia Chake Chake au Wete liliweza kupanda hadi Mahakama Kuu mjini Unguja, kisha Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, na mwisho baraza la Mfalme huko London. Njia zilikuwapo, ila ni mkulima gani wa karafuu aliyeweza kuigharimia safari hiyo? Baada ya Mapinduzi ya 1964 ngazi yenyewe ilikatwa. Mwaka 1970 Mahakama za Wananchi zilianza kazi; mawakili hawakuruhusiwa kumsemea mtu humo, wala hukumu zake hazikukatiwa rufani nje ya Visiwa. Mahakama hizo zilidumu hata katikati ya miaka ya 1980.

Lililofuata ni jambo la muda. Kuanzia Novemba 1997 watu 18 wa chama cha CUF, ambacho nguvu yake kubwa ilikuwa Pemba, walitiwa mbaroni, wakashitakiwa kwa uhaini, shitaka lisilo na dhamana. Walikaa rumande hadi Novemba 2000, walipofutiwa mashitaka. Mwezi huo huo Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola kamili. Basi ilichukua miaka mitatu kupambanua maana ya neno moja, na watu wakiwa korokoroni. Ikiwa huko si kurefusha kupita kiasi, ni vigumu kuona sharti lile liliwekwa kwa ajili ya nani.

Kisha yakaja mauaji ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji, Micheweni na Wete wakiumia zaidi. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, iliyotokana na Muafaka wa Oktoba 2001, ilihesabu maiti 31. Shirika la Human Rights Watch lilisema hawakupungua 35. Wapemba wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Je, tume ya uchunguzi ni njia ya kupata haki? Katika shauri la Cudjoe dhidi ya Ghana, mwaka 1999, Tume ya Afrika ilishika kwamba njia zinazotakiwa kumalizwa ni zile za kimahakama. Na katika shauri la Jawara dhidi ya Gambia, mwaka 2000, haikumtaka aliyekimbia kwa kuhofia maisha yake arudi kuzigonga mahakama za huko. Kwa kipimo hicho, aliyekuwa Shimoni hakuwa na ngazi ya kupanda.

Mwaka 2010 Tanzania ilimruhusu mtu binafsi kuishitaki mbele ya Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha; ruhusa hiyo iliondolewa kwa tamko la Novemba 2019, lililoanza kutumika Novemba 2020. Hivyo aliyezimaliza njia za nyumbani amebakiwa na Tume, huko Banjul. Iko pia Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyo Arusha vile vile, isiyodai kwamba njia za nyumbani zimalizwe kwanza. Ila humpa mlalamikaji miezi 2 tu tangu siku ya kitendo, au tangu alipokijua.