Sababu na Tokeo katika Kiswahili cha Nairobi: Historia ya Somo Moja

Mwanafunzi wa lugha yoyote ngeni hufika mahali ambapo kutaja vitu na vitendo hakumtoshi tena. Hutaka kueleza kwa nini jambo limetokea, na limezaa nini. Kiswahili humpa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni viunganishi, kama vile kwa sababu, kwa kuwa, kwani na hivyo. Ya pili ni kauli ya kutendesha, ambayo huitia sababu ndani ya kitenzi chenyewe. Historia ya ufundishaji wa Kiswahili mjini Nairobi yaonyesha jinsi njia hizi zilivyotenganishwa vitabuni, na jinsi wasemaji walivyozibadili midomoni.

Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 juu ya Kiswahili cha Unguja, alikwisha kuieleza kauli ya kutendesha na viambishi vyake. Asili yake ni ya Kibantu. Irabu fupi ya kale iliyofuata mzizi ililainisha konsonanti: chemka ikazaa chemsha, lala ikazaa laza, pona ikazaa ponya. Kiambishi kirefu zaidi kilizaa maumbo kama kopesha. Kwa upande mwingine, neno sababu limetoka katika Kiarabu. Hivyo mwanafunzi anapojifunza kueleza chanzo cha jambo, huwa anagusa tabaka mbili za historia ya lugha.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, mbali na pwani. Mahitaji ya lugha huko yalikuwa ya kazi na amri. Mwaka 1936 kilitoka kitabu cha F. H. Le Breton cha Kiswahili cha bara, kilichokusudiwa askari, walowezi, wachimba madini na wafanyabiashara pamoja na wake zao. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa na makao yake Nairobi kuanzia 1942 hadi 1952. Katika miaka hiyo, mwaka 1944, E. O. Ashton alitoa sarufi iliyokuja kutegemewa na wengi. Hata hivyo mpango wa sarufi za namna hiyo ulifuata maumbo: kutendesha katika sura yake, viunganishi katika sura nyingine. Mwanafunzi hakuonyeshwa kwamba yote ni majibu ya swali moja.

Hasara yake huonekana katika mifano miwili:

(1) Yaya alimlaza mtoto.
(2) Yaya alimfanya mtoto alale.

Katika (1) tendo ni la mikono ya yaya. Katika (2) huenda aliimba, au alitishia, hata mtoto akasinzia mwenyewe. Anayejua umbo la pili peke yake hawezi kupambanua kiasi cha dhima ya mtenda.

Mjini, njia ya viunganishi nayo ilichukua sura mpya. Kutoka barabara za katikati ya jiji hadi Kangemi na Kawangware husikika "sikuja juu nilikuwa mgonjwa", ambapo juu ni kwa sababu; na "amka mapema ndio usichelewe", ambapo ndio ni ili. Matumizi ya juu hayakuzuka Nairobi pekee, kwani Kiswahili cha Kongo nacho hutumia juu ya kwa maana ya sababu.

Wako wanaolaumu lugha za mama kwa umbo la (2) kushika nafasi ya (1). Lawama hiyo haina msingi imara. Kikuyu, kinachosemwa sana Dagoretti na Kabete, kina kiambishi cha kutendesha: thoma ni soma, thomithia ni somesha. Hata Kitelugu cha India, kisicho na udugu na Kibantu, hupata cheyinchu, yaani fanyiza, kutokana na cheyu, fanya. Yaelekea zaidi kwamba chanzo ni makutano ya wasemaji wengi wa lugha mbalimbali, ambao huchagua umbo lililo wazi na lisilodai kukumbuka mageuzi ya konsonanti.

Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye mtihani, na Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo kosa la ufundishaji huwagharimu wengi kuliko enzi ya Le Breton. Yafaa kutendesha na viunganishi vifundishwe katika somo moja, na juu ya mjini ielezwe waziwazi kuwa ni ya mazungumzo. Asiyeijua hataelewa jirani yake. Asiyejua laza na ponya atakuwa ameikosa sehemu ya lugha ambamo sababu na tokeo hukaa katika neno moja.