Kipande Ulikishika Mwenyewe

Baba yangu alikuwa manamba. Kama wanaume wengi wa Ufipa wa rika lake, aliandikishwa akapelekwa Tanga kukata mkonge, na aliporudi kijijini Mwazye alileta blanketi, baiskeli na kadi moja ngumu yenye miraba 30. Hiyo kadi ndiyo kipande. Ukimaliza kazi uliyopimiwa kwa siku, karani anatia alama kwenye mraba mmoja. Miraba ikijaa, unalipwa. Siku uliyoshikwa na homa, au uliyoshindwa kufikisha mafungu ya majani uliyopangiwa, mraba ulibaki mtupu.

Mimi nimestaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo, na karatasi yoyote huisoma kwa mashaka. Kadi ya baba haikuwa na neno hata moja kuhusu tabia yake, lakini ilimsema. Wakala wa kuandikisha watu akiishika, alitazama miraba mitupu tu. Haikumwambia kama mwenye kadi siku hiyo alikuwa amelazwa au amelewa. Baba alimlalamikia mnyapara kuhusu miraba hiyo. Mnyapara akamtuma kwa karani. Karani akasema hesabu zimeshafungwa. Ikaishia hapo.

Angeshtaki kwa nani? Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya 1923, kutoroka kazini kulikuwa kosa la jinai. Idara ya Kazi iliundwa 1926, mkuu wake akiwa Granville Orde-Browne, aliyejali kidogo hali ya wafanyakazi. Ikafutwa 1931 serikali ilipobana matumizi, ikaja kufufuliwa baadaye. Wenye mashamba ya mkonge nao waliungana, na mwaka 1944 wakaanzisha shirika lao la kutafuta vibarua, SILABU. Upande mmoja chama, upande wa pili mtu na kadi yake.

Kenya mambo yalikuwa mazito zaidi. Kuanzia mwisho wa vita vya kwanza vya dunia, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri alisaini ulipoingia na ulipotoka. Akikataa kusaini ulipotoka, mwajiri mwingine hawezi kukuajiri, na ukikutwa njiani unahesabiwa mtoro. Mwanaharakati Harry Thuku alilipinga hilo hadharani. Alikamatwa Machi 14, 1922, na siku mbili baadaye watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe wakapigwa risasi. Watu walikufa kwa ajili ya sahihi ya mwajiri, tusisahau.

Wazungu wenyewe walikuwa wamepitia haya kwao. Wajerumani, waliokuwa na boma Bismarckburg, yaani Kasanga yetu ya leo, waliwabebesha watumishi wa nyumbani wa Prussia vitabu vya kazi tangu 1846. Bwana aliandika humo anavyomwona mtumishi wake, na kitabu kikamtangulia kila mlango aliobisha. Wafaransa walikuwa na kijitabu cha mfanyakazi tangu 1803, lakini mwaka 1854 sheria yao ikamkataza mwajiri kuandika humo neno lolote la kumsifu au la kumponda. Miongoni mwa White Fathers waliotuletea misheni hapa Mwazye walikuwamo Wafaransa, na barua ya padri ilikuwa na nguvu kuliko cheti chochote. Sikuwahi kumsikia padri aliyekatazwa kuandika anachotaka.

Uhuru ulipokuja, sheria ya 1964 ya kulinda ajira ilimpunguzia mwajiri uwezo wa kumfukuza mtu apendavyo, ikaweka kamati za wafanyakazi. Lakini iliyobadilisha suala la karatasi kwa kijana wa leo ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Kifungu cha 44 kinasema ajira ikikoma, mwajiri atampa mfanyakazi cheti cha utumishi. Atampa, hata kama waliachana kwa ugomvi. Wakenya, katika sheria yao ya 2007, kifungu cha 51, wamefafanua zaidi: cheti kionyeshe majina, tarehe za kuanza na kumaliza, aina ya kazi na mahali, mwajiri halazimiki kumwandikia mtu barua ya tabia, ila akitia kwenye cheti jambo analojua ni la uongo, ametenda kosa.

Sasa niseme linaloniudhi. Kipande kilikuwa kibaya, lakini ulikishika mwenyewe. Uliiona miraba mitupu. Siku hizi unaandika majina ya wadhamini chini ya wasifu wako, mwajiri mpya anapiga simu, na unalosemwa hulijui. Kijana mmoja wa hapa alikuwa mtunza stoo wa mfanyabiashara mjini Sumbawanga. Alidai malipo ya likizo, akaachishwa. Kila alikoomba kazi alipokewa vizuri, kisha kimya, mpaka meneja mmoja mwenye huruma akamwonyesha ujumbe kwenye simu: "Mchapakazi ila mkono mrefu." Hakuwahi kushtakiwa polisi, hakuwahi kuitwa kwenye kikao cha nidhamu, hakuna barua ya onyo.

Nilimwambia aombe nakala ya ujumbe ule siku hiyohiyo, kabla meneja hajajutia wema wake. Tukaandika barua kwa mwajiri wa zamani: tunaomba cheti cha utumishi, tunaomba ushahidi wa wizi unaodaiwa, na kama haupo, afute kauli yake kwa maandishi. Kopi kwa meneja. Hakuna tusi ndani yake, tarehe na mambo tu. Cheti kikaja: mtunza stoo, kuanzia lini hadi lini, sahihi na mhuri. Kauli haikufutwa, ila kazi aliipata kwa meneja yuleyule.

Asingejibiwa, njia zilikuwapo. Kunyimwa cheti ni mgogoro wa kupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60. Kuachishwa isivyo halali, siku 30 tu, na yeye hizo alizipoteza akisubiri bosi apoe. Kuna mahakama kwa aliyekashifiwa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayompa mtu haki ya kuona taarifa zake na kutaka zirekebishwe. Uingereza, mwaka 1994, majaji wa ngazi ya juu katika kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance waliamua kwamba mwajiri anayetoa maelezo ya mtu aliyemwajiri ana wajibu wa kuwa mwangalifu, na akizembea anaweza kulipa fidia. Hukumu hiyo haimfungi hakimu wetu, ila wakili anaweza kuinukuu.

Kwenu vijana wa Mwazye mnaoshuka mjini: siku ya kuacha kazi, ombeni cheti kwa maandishi na mbaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Kutoka kwetu Kalambo hadi ofisi ya Tume Sumbawanga ni nauli na tope wakati wa masika, na siku 30 hazisubiri barabara ikauke.