Wizi wa Kitaaluma Usio na Aliyeibiwa

Wanafunzi wa vyuo Tanzania wana neno lao: kudesa. Wahadhiri husema wizi wa kitaaluma, yaani kuchukua maandishi au mawazo ya mtu na kuyawasilisha kama yako bila kumtaja. Istilahi yake ya Kiingereza, plagiarism, ina mizizi mirefu. Katika Kilatini, plagiarius alikuwa mtekaji wa watu. Martial, mshairi wa Roma wa karne ya 1, akambandika jina hilo mtu aliyejidai kuwa ndiye mtunzi wa mashairi ya Martial.

Lakini wizi huwa na mwenye mali. Mwanafunzi akiiagiza akili mnemba imtungie insha, nani atasimama aseme aya hii ni yangu? Swali hili halikuletwa na ChatGPT mwaka 2022. Kabla ya hapo, jijini Nairobi, vijana wasomi walikuwa wakiwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo. Mwandishi ameridhia, hela ameshapokea. Anayedanganywa ni chuo. Kwa hiyo naona istilahi pana, udanganyifu wa kitaaluma, ndiyo inayofaa kubeba yote haya, na wizi uwe tawi lake mojawapo.

Tofauti hiyo ina uzito katika kuzuia. Programu kama Turnitin hulinganisha maneno ya mwanafunzi na hazina yake ya maandishi, kisha hutoa asilimia ya mfanano. Asilimia 30 yaweza kutokana na nukuu halali na orodha ya marejeo, ilhali insha iliyotungwa na mashine ikapita bila doa, maana haikunakiliwa popote. Vipo vitambuzi vya maandishi ya mashine, lakini OpenAI, waundaji wa ChatGPT, wenyewe walikiondoa chao Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walivijaribu vitambuzi 7 kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa za mashine. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret, ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, anaweza kuitwa mwongo kwa kuandika sentensi nyepesi. Hilo ni dhuluma.

Kinga ya kweli ni mazungumzo. Mwanafunzi alete rasimu mapema, kisha aulizwe: makala haya uliyoyataja ukurasa wa pili uliyasoma wapi, na yanasema nini? Mashine huweza kubuni marejeo yenye jina la mwandishi, mwaka na jarida, kumbe makala yenyewe hayapo. Aliyesoma atajibu, hata kwa kusitasita. Najua madarasa yamefurika. Basi tuanze na tasnifu, ambazo tayari zina msimamizi. Wahadhiri, msimhukumu mwanafunzi kwa asilimia ya programu kabla hamjamsikiliza.