Theluji na Kamera: Mwanzo wa Picha za Mandhari katika Milima ya Afrika Mashariki

Tarehe 11 Mei 1848 mmishenari Johannes Rebmann, akiwa safarini kutoka pwani kuelekea Uchaga, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake aliuita weupe huo "baridi", basi. Rebmann, mzaliwa wa nchi yenye majira ya theluji, akauita theluji. Tarehe 3 Desemba 1849 mwenzake, Ludwig Krapf, naye akauona Mlima Kenya kutoka Ukambani. Habari hizo zilipofika Ulaya, William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwa amekanyaga nchi hizi, alizikanusha kwa ukali, na katika kitabu chake cha 1852 aliendelea kushikilia kuwa Rebmann alijidanganya. Hata baada ya Baron von der Decken na Otto Kersten kupanda hadi mita zipatazo 4,300 mnamo 1862, mzee huyo hakusadiki.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba sanaa ya kupiga picha za mandhari katika milima yetu ilizaliwa ndani ya ugomvi huu wa ushahidi, na kwamba chimbuko hilo liliamua kilichoonekana katika picha na kilichoachwa nje. Msomaji wa lugha atatambua mara moja kwamba ugomvi wenyewe ulikuwa pia wa maneno. Leo tunalo neno theluji, lenye asili ya Kiarabu, na barafu, lililotoka Uajemi. Kiongozi yule alichagua neno la kile ambacho mwili hukihisi, wala simwoni kuwa alikosea. Rebmann alitaja kitu, yeye alitaja hali.

Kwa nini basi kamera haikukata shauri mapema? Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa rasmi mwaka 1839, lakini kwa muda mrefu haukuwafaa wasafiri. Njia iliyoenea baada ya 1851 ilimlazimu mpiga picha kukipaka kioo dawa, kukitia katika kamera na kukisafisha kabla dawa haijakauka; yaani alihitaji hema la giza na chupa za kemikali popote alipokwenda. Vioo vikavu, vilivyobuniwa mwaka 1871 na kuenea katika miaka iliyofuata, ndivyo vilivyomfungua minyororo hiyo.

Hata hivyo palibaki kikwazo ambacho wanahistoria wetu hawakukitazama vya kutosha. Dawa ya vioo vya zamani iliathiriwa zaidi na mwanga wa buluu. Mbingu ya buluu, kwa hiyo, ilitoka nyeupe katika picha. Na theluji, ambayo ni nyeupe kwa asili, ikazama katika weupe huo. Kitu kilekile kilichogombaniwa ndicho kilichokuwa rahisi kupotea! Tiba ilitokana na ugunduzi wa Hermann Vogel wa mwaka 1873, kwamba rangi fulani zikichanganywa na dawa huifanya ipokee pia mwanga wa kijani na wa manjano. Ukiongeza kichujio cha manjano mbele ya lenzi, mbingu hutiwa kivuli na kilele hujitenga.

Halford Mackinder alipofika Mlima Kenya mwaka 1899, hapakuwa tena na mtu wa maana aliyeikana theluji. Tarehe 13 Septemba alifika kileleni pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, na Januari 1900 akasoma taarifa yake mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia, London. Kazi ya picha ilikuwa imebadilika: sasa zilithibitisha majina. J. W. Gregory alikwisha kuuita mto mmoja wa barafu Lewis mwaka 1893. Mackinder akavipa vilele majina ya malaibon wa Kimaasai, Batian, Nelion na Lenana. Mlima ambao Wakikuyu waliuita Kirinyaga ukasomwa upya kwenye karatasi.

Kwa hesabu ya Mackinder mwenyewe, msafara ule ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wamaasai 2 na Wakikuyu 96. Lakini niliposoma jalada la jarida hilo la 1900 nilipokuwa masomoni ng'ambo, mandhari niliyoiona ilikuwa ya mwamba, barafu na ukungu, kana kwamba kamera ilijipandisha yenyewe. Yafaa tukumbuke kwamba mandhari si nchi. Ni nchi iliyochaguliwa na jicho la mtu, na kuchagua ni kuacha pia.

Jambo ambalo wapiga picha hao hawakulitarajia ni kwamba picha zao zingerudi kuwa ushahidi, safari hii wa kutoweka. Mtaalamu husimama mahali palepale aliposimama mtangulizi wake, akaelekeza lenzi upande uleule, akalinganisha. Stefan Hastenrath alitumia sana picha na ramani za kale katika kitabu chake cha 1984 kuhusu barafu ya milima yetu. Fritz Klute aliupima Kilimanjaro kwa picha mwaka 1912. Kufikia 2007 asilimia 85 hivi ya eneo la barafu ya wakati huo ilikuwa imekwisha. Barafu ya Lewis nayo ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010.

Ulinganisho huo unahitaji uangalifu. Picha iliyopigwa asubuhi baada ya theluji kuanguka hufunika mpaka wa barafu ya kudumu, na mtazamaji mwepesi atadhani mlima umepona. Ndiyo sababu tarehe iliyoandikwa kwa penseli nyuma ya picha huweza kuwa na thamani kuliko uzuri wake. Katika picha za kale nilizozikagua, tarehe mara nyingi ilikuwapo, pamoja na jina la kilele na la mpiga picha. Jina la aliyebeba sanduku la vioo sikulikuta.