Fundi, Valvu na Daftari: Historia Fupi ya Vyombo vya Sauti

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii husemwa zaidi dukani, lakini sisi twaona kuwa yamhusu fundi kama imhusuvyo mfanyabiashara. Kwani ufundi nao ni mali, na usipoandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe. Katika insha hii tunakusudia kulithibitisha neno hilo kwa mfano wa vyombo vya kusikilizia muziki, hasa zile amplifaya zinazoundwa leo kwa mikono, kwa gharama kubwa, kwa kufuata mitindo ya tangu miaka ya 1930 hadi 1950. Msomaji aweza kuuliza: mtu wa zama hizi ataka nini kwa chombo cha babu? Jibu lake lina mafunzo kwetu.

Kwanza yafaa tueleze chombo chenyewe. Sindano ipitapo juu ya santuri hutetemeka, na mtetemeko huo hugeuzwa kuwa umeme mdogo mno usioweza kusukuma spika. Kazi ya amplifaya ni kuukuza umeme huo pasipo kuibadili sura yake. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa na valvu, ambayo ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna uzi wa chuma unaopashwa moto hata ukatoa elektroni, na bamba la kuzipokea. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest aliweka wavu wa waya kati ya viwili hivyo. Umeme kidogo ukifika kwenye wavu, mkondo mkubwa hupungua na kuongezeka kwa mwendo ule ule, mithili ya mlango wa mfereji unavyotawala maji mengi kwa nguvu ya mkono mmoja.

Kuanzia mwaka 1925 kampuni za santuri zilianza kuiacha ile tarumbeta ya kuimbia na kushika maikrofoni na valvu. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, mageuzi hayo yalikuwa yamekwisha kuanza. Lakini wasikilizaji wengi wa pwani yetu walizicheza santuri hizo kwa gramafoni za kutia ufunguo, zisizo na umeme wala valvu. Hivyo santuri ilibeba mengi kuliko yale yaliyofika masikioni mwa mwenye nyumba.

Valvu nayo ilikuwa na ila yake: ilikuza sauti, lakini iliichafua. Dawa ya ugonjwa huo aliipata Harold Black, mhandisi wa Marekani, asubuhi moja ya Agosti 1927 akiwa ndani ya kivuko akienda kazini. Wazo lake lilikuwa kuchukua sehemu ndogo ya sauti inayotoka, kuirudisha mlangoni ikiwa kinyume, ili kosa lijisahihishe lenyewe. Kwa kuwa hakuwa na karatasi, aliliandika juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo. Tunaomba msomaji aushike moyoni ukurasa huo. Ndio daftari la kwanza katika habari yetu.

Daftari la pili ni mashuhuri zaidi. Mwaka 1947, Uingereza ikiwa bado inauguza majeraha ya vita, D.T.N. Williamson alichapisha katika jarida la Wireless World mchoro wa amplifaya ya wati 15, ambayo uchafu wa sauti yake haukuzidi sehemu moja katika elfu. Siri yake kubwa ilikuwa transfoma ya kutolea sauti, iliyotaka nyaya zake zigawanywe mafungu mengi na kuzungushwa kwa uangalifu mkubwa. Williamson hakuificha siri hiyo. Alieleza vipimo vyote, na watu wa kawaida, tangu Uingereza hadi Australia, wakajiundia amplifaya hiyo majumbani mwao, wakilehemu waya mmoja mmoja juu ya meza.

Wapo pia waliogeuza ufundi huo kuwa kazi ya kiwanda bila kuuvunjia heshima. Peter Walker, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1936, alitoa amplifaya ya Quad II mwaka 1953. Mwaka 1957 akaanza kuuza spika ya ajabu isiyo na karatasi ya kutetemeka kama spika nyingine. Mahali pake aliweka utando mwembamba wa plastiki uliosukumwa na umeme tuli. Spika hiyo iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1985, na hata leo wapo wasikilizaji wanaoipima mipya kwa hiyo.

Wakati huohuo mgeni alikuwa amekwisha kubisha hodi. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, ilikuwa ndogo, nyepesi, isiyo na joto jingi, na hatimaye ya bei rahisi. Kufikia miaka ya 1970 ilikuwa imeitawala nyumba nzima. Nasi tulikuwa miongoni mwa walioifurahia. Nyumbani kwa wazazi wetu palikuwapo redio kubwa ya mbao, yenye valvu zilizowaka wekundu wa makaa nyuma ya sanduku lake. Ilipoingia redio ndogo ya betri, ile kubwa ilisogezwa uani. Valvu zake tulizichezea hata zikavunjika, na sanduku likawa kiota cha kuku. Hakuna mkubwa aliyetukemea, kwa maana hakuna aliyedhani kuwa kuna kitu kilichopotea.

Japani wapo waliodhani vingine. Mafundi na wapenzi wa muziki nchini humo waliendelea kuzitafuta valvu za kale, hasa ile ya 300B iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Western Electric ya Marekani mnamo mwaka 1938. Valvu moja ya aina hiyo, ikifanya kazi peke yake, hutoa wati nane hivi tu. Kwa hiyo huhitaji spika nyepesi kuitika, kama zile za tarumbeta. Hiroyasu Kondo aliunda mwaka 1989 amplifaya aliyoiita Ongaku, yaani 'muziki', ambayo transfoma zake zilizungushwa kwa nyaya za fedha. Bei yake ilikuwa ya kununulia nyumba. Kuanzia hapo, karakana ndogo za Japani, Ulaya na Marekani zikashika njia hiyo.

Hatutaki kumdanganya msomaji. Kwa vipimo vya maabara, amplifaya njema ya transista huzidi nyingi za valvu kwa usahihi. Utamu ambao wapenzi wa valvu huusifu, kwa sehemu, ni ladha ambayo valvu yenyewe huiongeza. Tena chombo cha bei ya nyumba si chombo cha umma, na hatuoni fahari ya kukiiga. Linalotustaajabisha si bei, bali uwezekano wenyewe. Kazi iliyokuwa imeachwa na viwanda vingi ilifufuliwaje? Ilifufuliwa kwa sababu michoro ilikuwapo. Makala ya Williamson yangali yanasomeka. Vipimo vya valvu vilichapishwa na kuhifadhiwa. Western Electric ilipoacha kutengeneza 300B mwaka 1988, iliweza kuirudia katika miaka ya 1990, kwa kuwa ujuzi ulikuwa haujafa. Fundi wa leo hakufufua maiti, alifungua daftari.

Sasa tujiulize wenyewe: letu liko wapi? Tangu utangazaji ulipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, na hasa katika enzi ya Radio Tanzania, sauti za taifa letu zilinaswa katika kanda: ngoma, taarabu, dansi, mashairi na hotuba. Hazina hiyo ilirithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania. Lakini kanda haisemi yenyewe. Huhitaji mashine ya zama zake, na mashine huhitaji fundi ajuaye kusafisha kichwa chake, kukilinganisha na kanda, na kusikia kwa sikio lake kwamba mwendo umepungua. Hata mtu atakaye kuzihamishia kanda hizo kwenye kompyuta hana budi kupita kwanza mikononi mwa fundi huyo. Mafundi wengi wa kizazi hicho ni wazee sasa, na mengi wayajuayo yamo vichwani mwao tu.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wasiiache insha hii darasani. Katika kila mji yupo mzee aliyetengeneza redio na santuri. Wanafunzi na waende kwake kwa adabu, na kalamu mkononi. Wamwulize alitambuaje valvu iliyochoka, alizungusha vipi transfoma iliyoungua, vifaa alivipata wapi vilipoadimika. Wachore alichowaonyesha, waandike majina ya Kiswahili aliyoyatumia, kisha daftari hilo liwekwe katika maktaba ya shule. Black alitumia ukurasa wa gazeti, na sisi hatukosi karatasi. Tulikwisha kupoteza redio moja kwa kuku. Tusiwaache na mafundi waondoke nayo yote wayajuayo.