Namba 42

Namba hii kubwa ya buluu, kwenye ukumbi wa kuingilia uwanja wa Citi Field, New York, ni ya Jackie Robinson. Aprili 15, 1947 aliichezea timu ya Brooklyn Dodgers akiwa na jezi namba 42, mweusi wa kwanza katika ligi kuu za besiboli Marekani tangu miaka ya 1880. Alitukanwa, akatishiwa kuuawa. Mwaka huohuo akatwaa tuzo ya mchezaji bora chipukizi.

Dodgers waliistaafisha namba yake, isivaliwe tena, mwaka 1972, miezi michache kabla hajafariki. Mwaka 1997 ligi nzima ikafuata. Waliokuwa wakiivaa waliruhusiwa kuendelea. Wa mwisho, Mariano Rivera wa Yankees, aliivua 2013. Sasa kila Aprili 15 wachezaji wote huvaa 42 kumuenzi, na watangazaji huhangaika kuwatambua.