Moyo Mtakatifu wa Kihesa na Istilahi ya Kweli Kinzani

Mtu akishika njia ya Dodoma kutoka mjini Iringa hupitia Kihesa, na hapo ndipo lilipo Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki la Iringa, lililopewa jina la Moyo Mtakatifu wa Yesu. Jina hilo wamelizoea wazee kwa watoto, na kwa sababu ya mazoea aghalabu hapana anayesita kulitafakari. Walakini mwenye kulitafakari ataona kwamba limefungamanisha mambo ambayo kwa hukumu ya kawaida ya akili hayakustahili kukaa pamoja, maana moyo huo huchorwa umechomwa, umezungushiwa miiba na kuwaka moto, nao huitwa mtakatifu.

Asili ya neno takatifu ni kitenzi kutakata. Mbingu hutakata mvua ikisha kupita, na nguo hutakata ikisha kufuliwa. Bali neno la Kiebrania, kadoshi, ambalo Isaya aliwasikia maserafi wakilitamka mara tatu, wataalamu wengi hulieleza kwa maana ya kutengwa. Na ndugu yake wa Kiarabu, kudusi, Waislamu wa pwani wanamjua katika majina ya Mwenyezi Mungu. Kiswahili, basi, kiliposhika usafi kilikuwa kama kimeachilia utengo, ingawa viwili hivyo havikai mbali, kwani kanzu nyeupe katika vumbi jekundu la kiangazi hubaki nyeupe kwa kuepushwa na vumbi.

Hiyo ndiyo kanuni aliyoidhihirisha nabii Hagai katika sura ya 2, alipowauliza makuhani kama nyama iliyowekwa wakfu, ikichukuliwa katika pindo la vazi, na pindo likagusa mkate au divai, huvifanya vitu hivyo kuwa vitakatifu, wakajibu, La. Akauliza tena kama mtu aliyenajisika kwa kugusa maiti huvinajisi akivigusa, wakakubali. Najisi, kwa hiyo, huambukiza, na utakatifu hauambukizi. Lakini katika Luka, sura ya 5, Yesu anyosha mkono amguse mwenye ukoma, na badala ya mguso huo kumtia Yeye unajisi, ni mgonjwa atakasikaye. Na hapa naona fahari ya lugha yetu, kwa sababu Kiyunani hutumia neno moja kwa utakatifu na jingine, lisilo na udugu nalo, kwa kutakasika kwa mgonjwa huyo, ilhali kwetu mtakatifu na atakasaye wamezaliwa na shina moja, hata msikilizaji asiyejua Kiyunani husikia katika neno lenyewe kwamba aliye safi ndiye asafishaye.

Katika sura iyo hiyo, aya ya 26, watu waliokwisha kumwona mwenye kupooza akisamehewa na kuinuka walitaja jambo lililokuwa kinyume cha walivyodhani, na neno la Kiyunani waliloandikiwa ni paradoksa, lisilopatikana mahali pengine po pote katika Agano Jipya. Biblia yetu yasema mambo ya ajabu. Tafsiri hiyo yafaa kwa masimulizi, lakini kwa ilimu ya dini haitoshi, wala kitendawili hakitoshi, kwa kuwa kitendawili hukoma kikijibiwa, na asiyejua hutoa mji akaambiwa jawabu. Ukinzani mtupu nao hutaka upande mmoja uwe uwongo. Istilahi iliyoenea katika vitabu vya fasihi, kweli kinzani, ndiyo niipendayo kwa theolojia pia, na sababu yangu ni ya sarufi: kweli haibadiliki kwa umoja wala kwa wingi, hivyo jina lile laweza kusomwa kuwa kweli moja inayojikinza, na laweza kusomwa kuwa kweli mbili zinazokinzana, na mwenye kusimama mbele ya moyo ule wa Kihesa, uliochomwa na ulio safi, anahitaji masomo yote mawili kwa pamoja.